Kata Yote

Lile dogo nililijua kama ninavyokijua kiatu changu.
Miaka tisa. Ningelipenyeza pale Ngara
kati ya mkokoteni wa viazi na ukuta wa fundi viatu
huku chapati iko mkononi.
Mnunuzi wa Kitengela alilichukua Jumanne,
akapiga honi mara mbili kwenye kona
kana kwamba ni lenyewe lililoniaga.

Hili jipya (si jipya, lina umri wa mtoto wa darasa la saba)
hupandwa kwa kushika mpini ulio juu ya mlango,
kama mtu anayekwea kitanda cha hospitali.
Usukani mpana kama ungo.
Safu ya tatu iko mbali mno,
neno likisemwa mbele hufika kule limechoka.

Siku ya kwanza, lango la fleti zetu, South B.
Lango ni lilelile, nguzo ni zilezile,
ila nguzo zilikuwa zimesogeleana usiku.
Nikavuta tumbo ndani.
Nikakunja mabega.
Nikazuia hata pumzi,
kana kwamba mimi ndiye niliyenenepa.

Makokha akaacha kiti chake cha plastiki,
akasimama nyuma, akaanza kuongea kwa mikono yote miwili:
kuja, kuja, kuja, kata yote kulia,
yote, mama, yote, usiogope,
sasa nyoosha. Nyoosha! Nimesema nyoo—
Kisha ule mlio,
mdogo, wa kijiko kikikwangua sufuria.

"Nguzo haijaumia," akasema Makokha.

Asubuhi, chini ya waipa, karatasi ya Bwana Onsarigo wa namba kumi na mbili:
*Mstari wako unaishia hapa.* Na mshale.

Basi, kukwaruza bampa ndiko kulijua bampa.
Nimejua gari haliishii pale macho yanapoishia.
Nimejua maegesho ya chini kule mjini
dari yake ilijengwa na watu wafupi,
na ukishaingia kwenye ule mzunguko wa saruji
hakuna kurudi, kuna kushuka tu,
tairi zikilia kama raba kwenye sakafu ya wodi.
Nilizunguka ghorofa tatu nikitafuta nafasi mbili zilizo wazi
ili nikae katikati yake bila aibu.
Kijana wa tiketi alinicheka. Nikacheka pia, baadaye, Uhuru Highway,
peke yangu.

Mgeni siku mbili; ya tatu tukampa jembe:
magodoro matatu juu ya paa, kamba ya katani,
sanduku la bati, baiskeli isiyo na mnyororo,
na Wakesho, na Mwakio, na Mghoi,
watoto wa kaka yangu,
kutoka chumba cha Kayole ambacho mwenyewe alitaka ufunguo wake kabla ya saa kumi.
Walienda moja kwa moja safu ya nyuma kabisa.
Wakafungana mikanda bila kuambiwa.
Hawakuuliza tunakwenda wapi.
Jogoo Road imesimama, mvua inaanza,
nami nikiwatazama kwenye kioo cha ndani:
vichwa vitatu vidogo, mbali,
kama abiria wa gari lingine linalonifuata.

Tulifika giza limeingia. Makokha hayupo, amekwenda kula.
Stima zimepotea. Nikaweka rivasi,
nikageuza shingo, sikuona kitu
ila maji yakiteremka kwenye kioo.
Mguu ukatetemeka juu ya breki.

Ndipo Mghoi, wa miaka sita,
akafungua mkanda, akapiga magoti juu ya kiti,
akafuta ukungu kwa kiganja.
"Kuja," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.
"Kuja, shangazi. Kuja tu.
Kata yote."

Nikakata yote.
Likakaa upande, tairi moja ng'ambo ya mstari.
Nikazima injini.
Onsarigo aandike tena.