Kisanduku cha Nne

Kila baada ya miaka miwili alipanda ngazi za Uhamiaji,
Balozi mstaafu Jubran Salfiti,
kofia mkononi, viatu vinang'aa kuliko vya mkuu wangu wa kazi,
nami nikamsogezea fomu ileile.
Jina, akaandika. Kazi, akaandika, akatabasamu.
Kisanduku cha nne, Uraia: kalamu ikasita
kama ndege asiyeliamini tawi.
Kisha: *Tazama nyuma.*
Nyuma ya karatasi kulikuwa na kijiji, kisima,
na jina la mwalimu wake wa darasa la pili.

Mkobani alikuwa na pasi za nchi tano,
zote za hisani, hakuna ya kwao.
Belgradi, Aljeri, Havana, halafu Dar es Salaam,
ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa.
Miaka kumi na tisa alikalia kiti cha mtazamaji:
kusikiliza ruksa, kupiga kura hapana.
"Bi Nyanjige," aliniambia,
"kukataa nimejifunza kwa lugha sita.
Kungoja hakuhitaji lugha."

Milembe, mkunga, ndiye aliyemleta Mwanza.
Alimpenda siku alipomkatiza hotuba:
Mzee, chai inapoa.
Wakajenga Nyegezi, katikati ya majabali mawili.
"Kwetu kila jiwe lina kesi," alisema.
"Haya yenu yanaota jua tu, na mijusi."
Nikamjibu: Balozi, hujafika baraza la ardhi la kata.
Alicheka mpaka akapaliwa.

Siku moja nilimkuta uani,
mkono kaunyoosha, uso kaugeuza,
anachana bahasha kwa ncha ya mwavuli.
Ilikuwa bili ya maji.
Milembe akaninong'oneza: rafiki yake, huko Ulaya,
zamani, alifungua barua mezani.
Hakusema zaidi. Akaenda kuanua nguo.

Tangu hapo kibali chake nilikipeleka mwenyewe,
wazi, bila bahasha, kikipigwa na upepo wa ziwa,
na ofisini wakaniuliza utaratibu huo
umeandikwa waraka gani.

Amekufa masika, magugumaji yameziba gati la Kirumba.
Milembe kaleta cheti. Kiti hakitaki.
Kufunga jalada nako kuna fomu,
na fomu ina kisanduku cha nne,
sasa kiko ndani ya kompyuta, hakina nyuma.
Lugembe, kijana wetu mpya, anashusha orodha:
Pakistani. Palau.
"Ipo, mama. Hii hapa, kabla ya Panama. Bonyeza."

Hivyo tu. Neno moja, limekaa foleni na wenzake.
Nimeweka kidole juu ya kitufe,
mkono umenyooka,
na nimejikuta nimeugeuza uso.

"Mama," Lugembe anauliza, "macho yanakusumbua?"