Kivuli, Barabara ya Uru

Saa kumi na moja alfajiri, Moshi bado inakoroma.
Nafunga tripodi kwenye pikipiki kwa mpira wa tairi,
nafuta lenzi kwa kipande cha fulana ya marehemu baba:
pamba iliyofuliwa miaka ishirini,
hakuna kitambaa cha dukani kinachoifikia kwa ulaini.

Wanaoniuliza siri ya kazi nawaambia: amka.
Mengine utajifunza njiani.
Kibo hana subira na mtu wa kitandani;
ikigonga saa tatu ameshavuta shuka la mawingu hadi utosini,
na wewe na kamera yako ya milioni nne
mtabaki kupiga picha za migomba.
(Nimezipiga. Ninazo elfu mbili. Hakuna aliyenunua hata moja.)

Siku ile nilisimama Uru, juu ya kona ya ghala la kahawa,
miguu ya tripodi nimeizamisha udongoni,
mfuko wa mchanga nimeutundika katikati isitikisike.
Tundu la lenzi, kumi na moja. ISO, mia.
Nikabana pumzi kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mwanga ukaja kutoka upande wa Mawenzi,
kwanza rangi ya ganda la kitunguu,
kisha barafu ikashika, ile kidogo iliyobaki,
na vumbi la barabara likageuka unga wa ulezi.
Hapo akatokea mwanamke na mzigo wa majani ya ng'ombe,
mzigo mpana kuliko yeye, uso hauonekani,
kama kichaka kilichoamua kuhama.
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.
Akapita bila kugeuka.

Mteja alikuwa na hoteli, Shanty Town, Bwana Temba.
"Picha safi. Ila huyu mama mtoe.
Wageni wanataka mlima, hawataki kuona mtu anabeba.
Na theluji, dada, huwezi kuongeza kidogo?"

Theluji nilikataa. Nilijiona mwadilifu sana kwa hilo.
Mama nikamtoa.

Usiku, umeme ukikatika na kurudi,
nilikuza hadi asilimia mia mbili,
nikachota nyasi za kushoto nikampaka miguuni,
nikachota migomba nikampaka kifuani,
brashi laini, tabaka jipya, polepole,
kama unavyoziba tundu la soksi.
Nikapunguza weupe wa mawingu,
nikapandisha vivuli nukta kumi na tano,
nikalala nikijisifu.

Ikachapwa, mita mbili kwa tatu, ukuta wa mapokezi.

Miezi minne baadaye Temba akapiga simu, sauti imemkauka:
njoo.
Nikamkuta Mama Ndeanansia, anayewaletea mshare kila Jumanne,
mkungu kautua juu ya vigae vyao,
kidole kakielekeza kona ya chini ya picha.
Pale barabarani, peke yake, kirefu,
furushi kichwani, goti moja limekunjwa:
kivuli.

"Hiki changu," alisema. "Naujua mguu huu,
uliteguka nikiwa na mimba ya Aikande.
Mwenyewe mmeniweka wapi?"

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza.
Aliuliza kama anayeulizia sufuria aliyoiazimisha.

"Kifute nacho," Temba akaninong'oneza, "si una brashi?"
Kweli, ni kazi ya dakika tano.
Nyumbani nikafungua faili ghafi,
lile ninalowaambia vijana wasilifute hata diski ikijaa,
nikamkuta palepale, hajatua mzigo,
ananisubiri.

Nikachapa upya kwa pesa yangu, moja ya ukuta, moja ya kwake.
Nilimpelekea ndani ya bahasha ya kaki.
Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.
Nilingoja aseme neno juu yake mwenyewe.
"Majani yale yalikuwa mabichi," akasema,
"niliyakata na umande. Hapa umeyakausha."

Nikarudi kwenye kompyuta.
Kijani, nukta sita juu.
Alikuwa sahihi.