Koti la Ununio

Mjini wanasema Ununio ni karibu.
Karibu na nani? Mimi nimetoka Njombe,
siku nzima barabarani, debe la viazi miguuni,
na jina moja kwenye karatasi:
Bi Mwanahawa binti Kondo. Ulizia kisimani.

Hawakuniuliza nimefuata nini.
Waliniuliza nimekula nini.
Kisha maji ya kuoga, khanga mbili kavu,
na kitanda cha mjukuu wao, Kibwana,
aliyehamia mkekani amenuna,
kama mtoto yeyote aliyepokonywa kitanda.

Usiku joto lilinikalia kifuani.
Niliwasikia ukumbini wakinong'ona:
"Pua ile ni ya Nyagawa mtupu."
"Na kukoroma je?"
Wakacheka wameziba vinywa, mgeni asiamke.
Sikuwa nimelala.

Baba alikaa kwao mwaka ule wa matibabu,
miezi minne, Muhimbili na kurudi,
mgonjwa asiye wao kwa damu wala kwa dini.
Wakamchemshia uji. Wakamfulia.
Nyumbani hakusimulia zaidi ya haya:
kule kuna samaki mdogo mwenye miiba mingi,
na mwanamke anayekutolea miiba
bila kukutazama usoni.

Siku ya kwanza nilitolewa miiba.
Siku ya pili nilitolewa miiba.
Siku ya tatu nikangoja jembe, ndivyo tulivyofunzwa;
nikapewa mbuzi ya nazi.
Nikaikalia upande, kama anayejifunza baiskeli,
nikakuna nazi, nikakuna na kidole,
na Kibwana akalipiza kitanda chake:
alicheka hadi akakaa chini.
"Tui la leo lina nyama," akasema bibi yake.

Alasiri akafungua sanduku.
Kafuri, udi, vitenge vya harusi ya mtu,
na chini kabisa, koti la baba,
koti zito la sufu, la baridi yetu,
miaka ishirini na sita katika nyumba isiyolihitaji.
Kila mwaka alilianika kivulini,
akalifukiza, akalikunja upya.

Nikazamisha uso ndani yake.
Halinuki baba. Linanuka nyumba hii.
Mifuko nikaipekua:
uzi, chembe za mchanga, basi.
Nikalivaa pale pale, jua la Ununio likiwa dirishani,
jasho likinichuruzika, mikono ya koti ikimeza vidole,
na hakuna aliyecheka,
hata Kibwana.

Asubuhi nafunga safari, koti juu ya mizigo,
Bi Mwanahawa akalitoa taratibu,
kama anavyotoa mwiba,
bila kunitazama usoni.
"Hili liache. Ukilibeba,
utarudia nini?"

Debe lililokuja na viazi lilirudi na nazi saba.
Hadi Makambako kidole kilikuwa bado kinawasha,
nami nilikuwa sijataka kipone.