Dakika Kumi na Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, Oulu bado ni usiku.
Nimefungua maktaba mpya, ile inayojua aina,
nayo inanirudi kama karani wa forodha:
hapa nilitaka nambari, umeniletea neno;
hapa nilitaka saa, umeniletea "mchana hivi";
na gari hili halina uwezo, litabeba nini, hewa?

Mstari mwekundu. Nafuta. Naandika tena.

Sinuni. Zamani tulituma maombi yetu kienyeji,
seva ikapokea kila kitu kwa heshima,
hata siku ile nilipogeuza latitudo na longitudo
na supu ya samaki ya Bi Aune Kemppainen
ikapangiwa safari hadi pwani ya Balochistani.
Mpishi alicheka wiki nzima. Bi Aune alikula mkate mkavu.
Sasa kila moja ina aina yake,
haziazimani nguo.

Magari tisa. Milo mia mbili na kumi na miwili.
Nabonyeza. Jibu linarudi limekunjwa vizuri kama shuka la hoteli:
kilomita arobaini na moja zimeokolewa.
Torsti, meneja, anapiga meza kwa furaha.

Rauno anaingia, theluji mabegani,
anasoma karatasi yake kituo kwa kituo,
kidole kinakwama Pateniemi.
"Nani kaandika dakika tatu hapa?"
Mimi.
"Umewahi kupanda ngazi zile?"
Sijawahi.
"Anafungua mlango polepole. Kuna kopo la kumfungulia.
Kuna vidonge, maandishi yake ni ya sisimizi, namsomea.
Halafu huniuliza theluji ya nje ikoje,
na sipendi kumjibu nikiwa nimeshuka nusu ngazi.
Dakika kumi na moja. Nane huwa naziiba
kwa kukanyaga mafuta barabara ya Haukipudas."

Juu ya barafu, Rauno?

Kimya.

Anapoondoka kunywa kahawa
napekua aina zote, moja baada ya nyingine:
gari, kituo, mzigo, zamu, dirisha la muda.
Upweke haumo. Sikutarajia.
Ila chini kabisa, mahali nilipopita mbio mara mia,
upo muda wa huduma: sekunde, nambari kamili.

Naandika mia sita na sitini.

Maktaba haikuuliza kwa nini.
Hakuna wekundu popote.
Njia ya Rauno ikajinyoosha, ikapumua,
vituo viwili vikahamia gari la sita,
na ramani nzima ikasogea kidogo
kama watu kwenye benchi wakimpisha mmoja akae.

Jioni Torsti yuko mlangoni na kikokotoo.
Kilomita kumi na mbili za akiba yake zimerudi barabarani,
anataka kujua zimekwenda wapi.

"Theluji," nikamwambia.

Yeye alitaka nambari. Nilimpa neno.