Dakika Nne

Mama Aikaruwa hamwiti ng'ombe wake kwa namba.
Anamwita Sikujua,
maana siku ile mnadani Weruweru alifuata mbuzi,
akarudi Uru na mtamba mwekundu, pochi tupu,
na mume mlangoni akauliza, hii nini?
Sikujua, alimjibu, na jina likabaki.

Mimi ndiye niliyemwandika 117
kwa wino usiofutika, ubavuni mwa mrija,
ukungu umelala juu ya migomba
na mfereji unasema peke yake nyuma ya banda.
Nikainua mkia, nikausaka mshipa kwa kidole;
alinikanyaga, nikameza neno.
Damu iliingia kama mgeni anayeijua njia.

Kisha fomu, kurasa sita.
Ametupa mimba mara ngapi?
Mara mbili. Ya pili ilikuwa na manyoya tayari.
Kondo la nyuma mlilipeleka wapi?
Mbwa.
Ndama mlimtoa kwa nini?
Kwa mikono, mwanangu. Wewe ungemtoa kwa nini?
Maziwa mnachemsha?
Akacheka. Ya chai tunachemsha.
Ya mgonjwa hapana, yanapoteza nguvu.

Mgonjwa alikuwa chumba cha pili.
Mzee Ndetaramo, fundi mawe. Miaka mitatu sasa
homa inamjia jioni kama mtu anayedai,
inaondoka alfajiri imemwacha na shati bichi.
Zahanati walisema malaria. Kisha taifodi.
Kisha mgongo, kisha umri,
na majirani wakasema mengine, kwa sauti ya chini.
Fomu yangu haikuwa na nafasi yake.
Nilitumwa kwa ng'ombe.

Nikapewa kikombe cha maziwa.
Nimesoma chuoni miaka mitano
na bado sikujua namna ya kukikataa.

Maabara iko Moshi mjini, nyuma ya karakana ya matrekta.
Mashine huizungusha damu mpaka itengane:
wekundu chini, juu majimaji ya rangi ya asali.
Kigae cheupe. Tone la majimaji hayo.
Tone la dawa, rangi ya waridi.
Kijiti. Changanya. Tikisa polepole,
kama unambembeleza mtoto asiye wako.
Dakika nne kwa saa ya ukutani.

Ya kwanza, waridi tupu.
Ya pili, nikaliwaza banda, mabati mapya, mkopo wa kikundi.
Ya tatu, kwenye ukingo, chenga.
Chenga ndogo, kama maziwa yaliyokatika ndani ya chai,
zinatafutana, zinashikana,
mpaka waridi lote likawa vumbi vumbi.

Nikarudia. Nikarudia tena.
Daftari linataka alama ya kujumlisha.
Vijistari viwili tu,
na ng'ombe anakwenda machinjioni,
na ada ya mjukuu inamfuata kwa nyuma,
na mtu aliyelowa jasho miaka mitatu
huenda akapata jina la kinachomla.
Jumlisha nini na nini? Daftari halisemi.

Matokeo hupelekwa wilayani kwanza, kwa barua.
Barua ina wiki zake.
Jioni nikapiga simu.
Mama, chemsha yote, ya mgonjwa kwanza.
Mzee apelekwe hospitali kubwa, nitakuandikia jina la kipimo,
waonyeshe karatasi, wasikuambie malaria.
Kimya. Nikausikia mfereji.
Na Sikujua?
Nikaanza kusema fidia, nikasema sijui,
nikasema mradi una fedha za mirija.
Simu ikakatika. Yeye, au salio langu.

Mlinzi alikuwa anafunga madirisha.
Nikafunga mpira juu ya kiwiko, ncha moja menoni,
sindano mpya, mrija mpya.
Nikauweka mashineni,
mrija wa maji upande wa pili kuusawazisha.
Kigae kimoja kilikuwa bado safi.

Tone. Tone. Kijiti.
Ya kwanza, waridi tupu.