Dohani

Nimekuja na futi kamba na fomu ya halmashauri.
Barabara inapanuliwa; nyumba ya lango imo ndani ya mita.
Naandika: mawe meusi ya mto Karanga, yamechongwa kwa mkono.
Chokaa imeshika. Nyufa mbili, upande wa mashariki.
Paa: mwinuko mkali, wa kuporomosha theluji.

Theluji!
Theluji iko Kibo, haijawahi kushuka huku
hata kuomba maji ya kunywa.
Lakini mwenye shamba alichora lango la kwao Uingereza,
alichora kwa kumbukumbu,
na fundi Mengisenyi hakuuliza.
Fundi hulipwa kwa jiwe, halipwi kwa swali.

Pembe sita. Madirisha matatu, yote ya mbele:
moja lione gari linalopanda kutoka mjini,
moja lione magunia ya kahawa yakishuka,
la katikati, bawabu aonekane.
Nyuma hakuna dirisha.
Nyuma walikuwa mke wake na watoto.

Mlango: futi tano na inchi mbili.
Babu yangu Ndekirwa alikuwa na futi sita kamili.
Miaka kumi na tisa ameinama kuingia, ameinama kutoka.
Chumba: hatua tatu kwa tatu. Alilala kimshazari.

Halafu dohani.
Matofali mekundu, yamesukwa kama nywele za bibi harusi.
Nikaingia kutafuta jiko lake,
nikapapasa ukuta wote, kona hadi kona.
Hakuna.
Limevalishwa paa kama kofia, halina koo.
Moshi yote hii, na lenyewe
halijatoa moshi hata siku moja.

Geti liliuzwa zamani, chuma chakavu.
Mbuzi wanapita kushoto, bodaboda kulia.
Ng'ambo ya barabara, kwa akina Kisamo,
masale yangali yamesimama mstari,
majani matupu, na hakuna anayeyaruka.

Nazunguka nyuma, kwenye magugu. Buti linagonga kitu.
Mafiga. Matatu, meusi, yanatazamana bado.
Hapa Bibi Aikande alipika masika yote,
akikinga sufuria kwa mgongo wake.

Fomu ina mstari mmoja: Vya kuhifadhiwa.
Ofisini wanangoja niandike dohani; lina picha, lina namba.
Nimeandika: jiko, mawe matatu.
Nimepiga magoti, nimepima na nafasi kati yake:
sufuria moja, ya watu saba.