Chaki Hufutika

Mwaka wa kumi na tisa huu nasoma watu,
na sijui hata mmoja anavyocheka.
Huniijia vipande vipande, rangi ya majivu:
nyonga, ubavu, tundu la pua,
kila kipande na namba yake na saa yake.
Chumba changu ki chini ya ardhi, hospitali ya Covilhã,
mji wa mlimani, ambako theluji ni ya wenye madirisha.
Taa nazima mwenyewe; kazi yangu yataka giza.

Jumanne moja ya Februari niliandika:
kivuli cha milimita sita, pafu la kulia, juu.
Asili haijabainika. Ilinganishwe na hali ya mgonjwa.

Mstari huo wa mwisho nimeuandika labda mara elfu tano.
Maana yake: sijui, na msiniulize.
Fumbo, husemwa, mfumbie mjinga.
Mimi nilimfumbia daktari mwenzangu,
naye, orofa nne juu yangu, wagonjwa thelathini na wawili mlangoni,
akalifumbua kwa maneno manne:
"Kuna kitu. Tusubiri kidogo."

Idalina Roseiro alisubiri siku kumi na moja.
Akauza kuku wake.
Akaandika nani arithi saa ya ukutani.
Siku ya kumi na mbili akashuka ngazi,
akalipita bango la njano linalokataza,
akagonga.

"Wewe ndiye uliyeandika 'haijabainika'?"

Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa
hadi imelegea kama leso.
Nina maneno ya Kilatini chungu nzima,
hakuna hata moja la kumkaribisha mtu.
Nikasogeza kiti.
Nikaliwasha pafu lake.

Akalitazama kwa muda, shingo upande, bila haraka.
"Miaka thelathini na mmoja, kiwanda cha sufu, kule mtoni.
Nilikuwa mkaguzi. Jora linapita mbele ya taa,
natafuta fundo, uzi uliokatika, mshindio uliolegea.
Si kila dosari hutoboka. Nyingine hufuliwa ikaisha.
Nikiiona, naweka chaki.
Halafu," akanigeukia, "naondoka kwenye taa,
naenda hadi kwa mfumaji,
namwonyesha kwa kidole: hapa.
Chaki hufutika, daktari."

Hapa, nikamwonyesha.
Punje ya dengu. Ukingo wake laini, na hilo ni jema.
Huenda ni kovu la utotoni, huenda vumbi la sufu,
huenda, nikameza mate, ni hicho unachokiogopa.
Miezi mitatu tupige tena, tuone kama kimekua.

"Mbona hukuandika hivyo?"

Mbona sikuandika.

Nikampigia Dakta Veríssimo, mama bado ameketi.
Miaka tisa tunaandikiana, sauti yake sijawahi kuisikia:
ina kikohozi, ina lafudhi ya visiwani Azori.
"Nilidhani wewe ni mwanamume," akasema.
"Nilidhani wewe ni mzee."
Tukacheka vibaya, kama watu waliogongana mlangoni.
"Ukiandika 'ilinganishwe', nadhani umeona jambo unalificha."
Nami nilidhani yeye analijua.
Katikati ya dhana zetu mbili
mtu ameuza kuku.

Siku hizi ripoti zangu ni ndefu.
Mkuu wa idara anasema hiyo si sayansi, ni barua.
Nimeweka namba ya simu chini yake, nayo hulia wakati mbaya.
Mmoja alishuka kunitukana. Nikamwacha amalize;
alipomaliza akaomba kuona ini lake.

Mei, picha ya pili ya Idalina ilipofika,
sikuituma.
Nilipanda ngazi, orofa nne, magoti yakilalamika,
nikatokea ukumbini kwenye mwanga mwingi,
viti safu tatu, makoti, nyuso.
Sikumtambua. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, gizani,
na kabla ya hapo, bila uso.

Yeye alinitambua.
Akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.